Shajara ya mradi: njia za baskeli Usambara Mashariki, kutoka Muheza na Amani mpaka baharini Pangani

Naandika hii shajara ili mtu mwingine akitaka kupita njia hizi, au kutengeneza za kwake kwenye milima ya kwao, asianze sifuri kama mimi. Nakaa Tanga mjini, kazini nimefungwa Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa hiyo kila kitu humu kimefanyika Jumamosi na Jumapili. Lengo ni njia moja ya siku mbili kutoka msitu wa Amani mpaka baharini Pangani, barabara za vumbi na changarawe, lami iwe ya kukatiza tu pale Muheza, alafu na mzunguko mdogo kwenye mashamba ya chai kule juu kwa asiyetaka safari ndefu. Mambo yaliyoenda sawa nimeyapitisha haraka, yaliyoharibika nimeyaeleza kwa kirefu maana huko ndo hela na muda vilikokwenda.

6 Januari 2024: baskeli

Baskeli ni mtumba, ya mlimani ya zamani, fremu ya chuma, rimu inchi 26, breki za raba. Nimeichukua Tanga kwa 180,000. Wengi wananiuliza kwa nini sijatafuta zile za kisasa zenye usukani uliokunjwa, na jibu langu ni kwamba fremu ya chuma ikipinda fundi yeyote Muheza anainyoosha, na tyubu ya 26 unaipata mpaka kwenye duka la kijijini panapouzwa sukari na mafuta ya taa.

Kosa la kwanza lilikuwa matairi. Nilikuwa nimeangalia picha nyingi za watu wa nje na matairi yao membamba laini, nikanunua ya inchi 1.5, mawili kwa 40,000. Kwenye lami ya Tanga yalikuwa matamu sana. Habari yake nyingine utaiona chini.

Kosa la pili ni gia. Mbele gia ndogo ina meno 28, nyuma kubwa ina meno 28, yaani ukiwa kwenye mlima mkali unazungusha mguu mmoja mmoja kama unasaga mahindi. Nikanunua gia za nyuma zenye meno mpaka 34 kwa 25,000, nikarudishia cheni ileile ya zamani. Sasa cheni ya zamani ilikatwa urefu wa kutosha gia ya 28, ukiweka kwenye 34 na mbele uko kwenye kubwa inakazana mpaka ile deraila ya nyuma (kile kidude kinachohamisha cheni kwenye gia) inavutwa mbele kabisa, ningekanyaga kwa nguvu mara moja ingeng'oka. Fundi akaisikia kwa sauti tu kabla hata hajaiona. Cheni mpya 12,000. Kwa hiyo ukibadilisha gia za nyuma kwenda kubwa, hesabu na cheni hapohapo, usijidanganye.

20 Januari: Muheza – Zigi – Amani, jaribio la kwanza

Nilipakia baskeli kwenye basi mpaka Muheza, pale niko kama mita 200 juu ya usawa wa bahari, na Amani iko kama mita 900. Jumla ni kama kilomita 35. Sehemu kubwa ya mwanzo ni mabonde na vilima vidogo, michungwa kulia na kushoto, minazi, migomba, watu wanakwenda shamba. Mlima wenyewe unaanza kweli ukishapita Zigi, kilomita zisizofika kumi lakini sehemu kubwa ya kupanda iko hapo.

Kabla ya Zigi unapita Longuza, shamba la mitiki la serikali. Januari jua ni kali na mitiki imepukutisha, barabara imefunikwa na majani makavu makubwa kama sinia, ukipita yanavunjika kwa sauti mpaka huwezi kusikia pikipiki inayokuja nyuma. Na chini ya majani kuna mawe. Nilianguka mara moja hapo, sio vibaya, goti tu. Nilivyokaa pembeni kujifuta nikaokota jani moja changa nikalisugua kiganjani likaacha rangi nyekundu kama damu, nikadhani nimeumia na mkono kumbe ni jani. Hapo pita katikati ya alama za magurudumu ya magari, usifuate ukingo hata kama unaonekana laini.

Zigi ndo geti la hifadhi. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, iko chini ya TFS (wakala wa misitu wa serikali), kiingilio unalipa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, na raia na mgeni hawalipi sawa, kwa hiyo fika na kitambulisho na simu yenye salio. Nyumba wanayopokelea wageni ilikuwa nyumba ya mkuu wa stesheni enzi za reli ya Wajerumani, na hiyo reli ndo ikaniingiza kwenye kosa lingine, nitaelezea.

Kupanda nilitumia saa mbili na nusu na kusimama mara nyingi. Msitu unafunga juu ya barabara, kuna ubaridi, kuna maji yanayotiririka kwenye mtaro, na hondohondo wakipita juu unasikia mbawa kabla ya kuwaona. Kiukweli nilifika juu nikiwa na furaha sana, nikala wali maharage, nikaona mradi umeshakamilika nusu.

Kushuka ndo kulinifundisha. Nilishika breki zote mbili mfululizo, mkono haujaachia, kwa sababu kona ni nyingi na changarawe inateleza. Rimu zikachemka. Tyubu ya mbele ilikuwa na viraka viwili vya zamani, na solesheni ikipata joto inalainika, kiraka kimoja kikaachia katikati ya kona. Tairi la mbele likaisha upepo kwa sekunde mbili tatu. Namshukuru Mungu nilikuwa upande wa mlima na sio upande wa bonde. Nilipogusa rimu niliungua kidole.

Marekebisho niliyofanya, na nayasisitiza kwa yeyote mwenye breki za raba: tyubu ya mbele iwe mpya isiyo na kiraka hata kimoja (nimenunua mbili, 14,000), raba za breki seti mbili mpya 10,000, shuka kwa kubana kwa nguvu muda mfupi alafu unaachia rimu zipoe, unabana tena, na simama kabisa angalau mara tatu kati ya Amani na Zigi. Tangu hapo sijapata pancha ya namna hiyo tena. Watu wanaogopa kupanda Amani, mimi nasema ogopa kushuka.

3 Februari: reli ya zamani, imeshindikana

Wajerumani walijenga reli nyembamba mwanzoni mwa miaka ya 1900 kutoka Tengeni mpaka Zigi, ilikuwa ya kuteremshia mbao. Wazo langu lilikuwa zuri kwenye kichwa: treni haipandi mlima mkali, kwa hiyo tuta lake lazima liwe na mwinuko wa taratibu, nikilifuata nitapata njia ya baskeli laini kuliko barabara.

Nilichukua siku nzima. Vipande vipo, kuna sehemu unaona kabisa mlima umekatwa na tuta limesimama, lakini haviungani. Pengine pamekuwa shamba la mihogo, pengine ua wa nyumba ya mtu, na penye mto daraja halipo, unashuka korongo umebeba baskeli begani unapanda ng'ambo ya pili kwenye magugu. Baada ya masaa manne nilikuwa nimekwenda kilomita sita.

Kilichonirudisha sio uchovu. Nilikuta bibi mmoja anapalilia, nikamsalimia shikamoo, akaitikia vizuri, alafu akaniuliza, "Mwanangu, unapima?" Nikamwambia hapana bibi, natafuta njia ya baskeli. Akasema watu wakipita wanaangalia simu na kuandika huwa ni wa kupima, na baada ya kupima huja mgogoro. Nikaelewa. Njia ikipita katikati ya mihogo ya watu, hata kama mimi napita mara moja kwa mwezi, wakija ishirini wanaonifuata itakuwa kero. Reli nimeifuta kwenye mpango. Gharama: hela hakuna, siku moja, na miiba.

17 Februari: mzunguko wa chai

Hii imekubali karibu mara ya kwanza. Unalala Amani, asubuhi unapita kwenye mashamba ya chai upande wa Kwamkoro na kurudi. Barabara zake zimetengenezwa kwa malori ya majani mabichi kwa hiyo zina mitaro, zina kalavati, mwinuko wake unavumilika. Chai inafuata mgongo wa mlima, msitu unaanza ghafla pale chai inapoishia, unatoka kwenye jua unaingia kwenye giza la kijani, unatoka tena, siku nzima hivyo. Mbega wengi. Asubuhi ukungu mpaka saa tatu hivi.

Mambo mawili tu. Shamba la chai ni mali ya mtu, nilikwenda ofisini kwao kwanza nikaeleza, wakaniruhusu kupita kwenye barabara kuu na sio kwenye vijia vya kati ya mistari ya chai, maana humo wanapita wachumaji na vikapu mgongoni, ukija na baskeli wanalazimika kuingia kwenye chai. Pili, malori. Nilikutana na moja kwenye kona, dereva hakutegemea mtu na mimi sikutegemea lori, tulisimama kama hatua kumi kati yetu. Nikamuuliza saa za kupita, akanitajia bila kinyongo, na sasa mzunguko naupanga kwa kukwepa saa zao. Kila atakayekwenda aulize ofisini siku hiyohiyo kwa sababu ratiba inafuata mavuno.

Matairi membamba yaliniumiza viganja mpaka usiku nikashindwa kufunga kifungo cha shati. Yale ya 40,000 nimeyaweka pembeni, nimenunua ya inchi 2.0, mawili kwa 60,000. Upepo uwe kidogo, ukibonyeza kwa dole gumba libonyee.

Machi: ramani, na kosa kubwa kuliko yote

Ramadhani ilianza tarehe 12 Machi, nikiwa nimefunga sipandi milima, kwa hiyo jioni baada ya futari nilikuwa nakaa na simu kuchora ramani. Vipande nilivyopita nilikuwa navyo. Lakini nilitaka pia njia ya kushuka tofauti na ya kupandia, ili mtu asirudi alikotoka. Kwenye picha ya setilaiti kulikuwa na mstari mweupe mzuri unashuka kutoka kwenye chai kuelekea bondeni, unapotea chini ya miti, unatokea tena kwa chini. Nikaunganisha. Nikaandika "njia ya kushuka" nikautuma kwa wenzangu kama wanne waliokuwa wananiulizia.

Sikuwa nimeipita. Hilo ndo kosa, sina maneno mengine ya kulipamba.

Idi ilikuwa tarehe 10 Aprili. Idi pili vijana wawili, mmoja fundi umeme na mwingine mwanafunzi, wakaona ni sikukuu, wakapanda Amani na mchana wakashuka kwa mstari wangu. Mvua za masika zilikuwa zimeshachanganya. Ule mstari mweupe unaishia kwenye kijito, baada ya hapo ni njia ya mguu, ngazi za mizizi na mawe. Simu zikapoteza mtandao bondeni, moja ikazima kabisa kwa maji. Giza likawakuta porini. Walitoka saa nne usiku, wakaongozwa na mzee aliyesikia sauti zao akatoka na tochi, akawapa uji na sehemu ya kulala. Mama wa yule mwanafunzi alinipigia simu kesho yake asubuhi. Hakunitukana, aliniuliza tu, "Wewe ulishapita hapo, baba?"

Nilifuta ule mstari siku hiyohiyo na nikawaandikia wote wanne kuwa nilikosea.

20 Aprili: nakwenda kuona mwenyewe

Niliona siwezi kuendelea bila kupita walipopita, na kumshukuru yule mzee. Mvua ilikuwa imepiga wiki nzima. Najua sasa kwamba ilikuwa siku mbaya ya kwenda, lakini imenipa majibu ambayo kiangazi kisingenipa.

Udongo mwekundu wa huku ukilowa haukai chini, unapanda na wewe. Unashika tairi, tairi linakuwa nene, linajaza nafasi kati yake na fremu, baskeli inasimama. Unakwangua kwa kijiti, hatua ishirini, unakwangua tena. Nilifanya kosa la kulazimisha, nikakanyaga pedeli kwa nguvu na gia ya nyuma imejaa tope na nyasi, deraila ikaingia kwenye spoku, ikakatika, na sikio la fremu linaloishika likapinda kuelekea ndani. Kilomita saba nikabeba na kusukuma. Bodaboda mpaka Muheza na baskeli mgongoni kwake 20,000, na aliistahili yote kwa jinsi alivyoendesha kwenye lile tope.

Kabla ya hapo nilimpata mzee. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, nikajitambulisha kuwa mimi ndo niliyechora. Alinipeleka mpaka kwenye kijito na akanionyesha kwa fimbo. Mstari mweupe niliouona angani sio barabara, ni mkondo. Mvua ikinyesha maji ya shamba lote la juu yanapita hapo, yanabeba udongo yanaacha mchanga na mawe meupe, ndo maana kwa juu unaonekana safi kama barabara iliyopigwa greda. Akasema, "Barabara ya kweli maji hukatiza. Hii maji hulala nayo." Tangu siku hiyo nikiangalia picha ya setilaiti najiuliza kwanza maji yanaelekea wapi, na kama mstari unashuka moja kwa moja bila kona, sio njia.

Kosa lingine dogo la siku ileile: niliosha baskeli kwenye kijito, na sabuni, grisi nyeusi ikawa inaelea. Kijana mmoja aliyekuwa anachota maji akaniangalia tu. Vijito hivi vinaingia mto Zigi, na Zigi ndo inajaza bwawa la Mabayani, maji ya bomba tunayokunywa Tanga mjini. Sasa nasugua tope kwa majani na brashi, naosha nyumbani.

Matengenezo: sikio limenyooshwa kwa spana kubwa 5,000 (hapa ndo faida ya chuma), deraila ya mtumba 15,000.

Uamuzi: katikati ya Machi mpaka mwisho wa Mei hii njia imefungwa kwa upande wangu. Sio kwa ajili ya baskeli tu. Tairi likipita kwenye tope linaacha mfereji, maji yanafuata mfereji, na wanaokuja kuutumia huo mfereji mwaka mzima ni watu wa vijijini na pikipiki zao.

29 Juni: alama za njia

Nilitaka mtu aweze kupita bila simu, baada ya yale ya Aprili. Mpango wa kwanza ulikuwa vibao vidogo vya bati kupigilia kwenye miti. Nilipokwenda kuomba, mhifadhi akanijibu vizuri kabisa kwamba ndani ya hifadhi hakuna kupigilia msumari kwenye mti, na nje ya hifadhi mti una mwenyewe. Mpango wa pili, mawe yenye rangi ya njano kwenye njia panda, nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza, akakubali. Rangi 8,000. Baada ya wiki mbili nusu ya mawe yamehama. Watoto wamejengea magoli.

Nikaacha. Kilichofanya kazi ni maelezo ya maneno, jinsi watu wa huku wanavyoelekezana wenyewe: ukifika kwenye mwembe wenye kibanda cha chipsi shika kushoto, ukiona msikiti wa bati la bluu umezidi, rudi. Nimeandika ukurasa mmoja wa hivyo, nikampelekea mama anayeuza chai na vitumbua pale kijiji cha Kisiwani ausikilize. Alinirekebisha sehemu tatu. Mfano mimi niliandika "pita daraja la pili", akasema "hapana mwanangu, ni la kwanza, wewe umehesabu na kalavati." Kweli nilihesabu kalavati.

10 Agosti: Muheza – Boza – Pangani

Hiki ndo kipande cha kuteremka baharini, kilomita 45 na ushee. Kwenye karatasi ni rahisi, hakuna mlima wa maana, nikasema masaa matatu. Nimetumia matano na nusu.

Sababu ya kwanza ni upepo. Agosti ni kusi, upepo wa kutoka kusini, na kutoka Muheza kwenda Pangani unaelekea kusini mashariki, yaani uso kwa uso nao. Msituni huuoni. Ukishaingia kwenye mashamba ya mkonge, pale ambapo hakuna kitu kirefu kuliko kifua chako, unaupata wote. Mimi nimekulia pwani, kusi na kaskazi (ule wa kutoka kaskazini) nazijua tangu mtoto, wavuvi hawazungumzi kingine, na bado sikuwaza kuziweka kwenye mpango wa baskeli. Sababu ya pili ni mchanga. Ukikaribia pwani changarawe inaisha, kuna mabonde ya mchanga mwepesi, tairi la mbele linazama linageuka lenyewe. Dawa ni kutoa upepo zaidi, kukaa nyuma kwenye siti, gia nyepesi, na usikunje usukani kwa nguvu, acha utafute wenyewe.

Marekebisho: njia ina mielekeo miwili kulingana na msimu. Desemba mpaka mwanzoni mwa Machi, kaskazi ikivuma, anzia Amani umalizie Pangani, upepo unakusukuma. Juni mpaka Septemba anzia Pangani upande kwenda Muheza na kusi mgongoni, alafu siku ya pili Amani. Wale wanaotaka lazima wamalizie baharini wakati wa kusi watoke Muheza saa kumi na mbili asubuhi, upepo bado mdogo.

Nilifika mtoni Pangani saa tisa. Kivuko kilikuwa kinarudi kutoka Bweni, ng'ambo ya mto, nikanunua dafu mbili nikakaa ukutani bila kusema na mtu.

14 na 15 Septemba: safari nzima

Tumekwenda watatu, na mmoja wao ni yule fundi umeme wa Idi pili. Mwanafunzi alikuwa na mitihani. Nilimwomba huyo fundi umeme atangulie na asome ile karatasi ya maelezo, mimi nikae nyuma kimya hata akikosea. Pangani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Muheza saa tano kasoro, kusi ilitubeba kama nilivyotegemea. Tukala, tukapumzika jua lipungue, tukalala Kisiwani. Jumapili alfajiri Zigi, geti, Amani saa nne. Kushuka tumesimama mara tatu, hakuna pancha, rimu tulizigusa kila kituo na hazikuunguza.

Alikosea mara moja tu, kwenye njia panda ya baada ya Longuza. Nilikuwa nimeandika "penye kibanda cha boda" na kibanda kimehamishwa. Nimebadilisha, sasa imeandikwa kisima cha kupampu kwa mkono, hicho hakihami.

Hela jumla mpaka leo, bila nauli, chakula na viingilio: baskeli 180,000, gia na cheni 37,000, matairi 100,000 (ndani yake 40,000 ya yale membamba imepotea), tyubu 14,000, raba za breki 10,000, bodaboda ya Aprili 20,000, deraila na kunyoosha sikio 20,000, rangi ya mawe 8,000. Jumla 389,000. Ukinifuata bila makosa yangu ya matairi, bodaboda, deraila na rangi unatoa 88,000, unabaki na 301,000.

Kilichobaki ni tawi la Magoroto, mlima ule ulio karibu na Muheza wenye ziwa juu. Nataka kuumaliza mwanzoni mwa Oktoba kabla ya vuli, na sitatuma mstari wowote mpaka niwe nimeupita kwenda na kurudi.

22 Septemba: nyongeza

Mwanafunzi kamaliza mitihani, jana kapanda Amani na wenzake wawili, kafika saa saba mchana na kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Muhimu kwa anayekwenda wiki hii: kalavati ya pili baada ya Kisiwani ukiwa unapanda, ukingo wa kushoto umemomonyoka na shimo limefichwa na nyasi. Pita kulia. Nimeshamwambia mwenyekiti wa kijiji, na kwenye karatasi nimeiongeza.